Watatari na lugha yao: maswali ninayoulizwa kila siku

Nilisoma Kazan miaka sita, na tangu nirudi Dar mwezi hauishi bila mtu kuniuliza hao Watatari ni akina nani, na kwa nini nawapenda hivi. Nimechoka kujibu kipande kipande kwenye simu kwa hiyo naandika yote hapa, na kila mtu akiuliza nitamtumia hii.

Watatari ni akina nani, na wanaishi wapi?

Ni kabila la watu wenye asili ya Kituruki (ule ukoo mpana wa mataifa na lugha, sio nchi ya Uturuki tu) wanaoishi Urusi, na kwa idadi ni wa pili nchi nzima baada ya Warusi wenyewe. Sensa ya 2010 iliwahesabu kama milioni 5.3, ya 2021 ikaonesha milioni 4.7. Kwao ni Tatarstan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, mji mkuu wake Kazan, kama kilomita 800 mashariki ya Moscow, pale mto Kazanka unapoingia kwenye Volga. Volga wao wanauita İdel. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba Watatari wengi zaidi wako nje ya Tatarstan kuliko ndani. Ndani wako kama milioni 2, waliobaki wametapakaa Bashkortostan, Siberia, Moscow na kwingineko. Kuna wachache Finland pia, babu zao walikuwa wafanyabiashara waliohamia huko kuanzia mwisho wa karne ya 19, na wana jumuiya yao ya Kiislamu iliyoandikishwa tangu 1925. Na msikiti wa kwanza wa Tokyo, ule uliofunguliwa 1938, waliousimamia ni wakimbizi wa Kitatari. Hawa watu wamefika mbali kuliko unavyodhani.

Mbona jina la Kazan sio geni masikioni?

Kwa sababu ya mpira. Kombe la Dunia 2018, Ufaransa 4 Argentina 3, ilichezwa Kazan. Ujerumani kutolewa na Korea Kusini, Kazan. Brazil kutolewa na Ubelgiji, hapo hapo.

Kwa hiyo ni Wamongolia?

Hapana, na hili swali nalijibu kwa upole kila mara ingawa linaniuma kidogo kwa niaba yao. Jina "Tatari" mwanzoni lilikuwa la kabila moja la nyika za Mongolia ambalo Genghis Khan mwenyewe alilisambaratisha. Alafu majeshi ya Wamongolia yalipofika Ulaya, watu wa huko wakawa wanawaita wote Watatari, na Warusi nao wakaendelea kulitumia kwa karibu kila Mwislamu wa Kituruki waliyekutana naye, hata Waazeri wa Azerbaijan waliitwa hivyo. Watu wa Kazan wenyewe kwa muda mrefu walijiita tu Waislamu, au Wabulgari, au watu wa Kazan, jina Tatari wakalipokea taratibu karne ya 19 na ya 20 mpaka likawa lao.

Hao Wabulgari (sio wa nchi ya Bulgaria ya leo) ndo mizizi. Kabla ya Wamongolia kulikuwa na dola pale pale kwenye Volga inaitwa Bulgaria ya Volga, miji, masoko, biashara ya ngozi na asali, na Wamongolia waliivunja 1236. Magofu ya mji wao wa Bolgar bado yapo na tangu 2014 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Watatari wa leo wanahesabu kwamba wametokana na hao Wabulgari pamoja na Wakipchaki wa nyikani waliokuja kuchanganyika nao. Dola ya Wamongolia ilipodhoofika ikazaliwa Khaneti ya Kazan, yaani dola ya khan wao, mnamo 1438, ikadumu mpaka 1552 Ivan wa Nne, mfalme wa Urusi, alipouteka mji. Ukiwa Kazan utaona bado hilo jambo halijawa hadithi ya zamani, watu wanalisema kwa sauti ya chini kama msiba wa nyumbani.

Na Watatari wa Krimea, ni hawa hawa?

Ni ndugu kwa jina na kwa dini lakini ni taifa jingine, na lugha yao ni nyingine. Wao ndo waliofukuzwa wote kwao tarehe 18 Mei 1944 kwa amri ya Stalin, zaidi ya watu 180,000 walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Asia ya Kati, wengi Uzbekistan, na wengi sana walikufa njiani na kwenye miaka ya mwanzo. Kurudi kwa wingi waliruhusiwa mwisho wa miaka ya 1980. Hapa mimi naongelea Watatari wa Volga, ila tafadhali ukikutana na Mtatari wa Krimea usimwambie "ah, wewe wa Kazan".

Wote ni Waislamu? Uislamu uliwafikiaje huko kwenye barafu?

Wengi sana ni Waislamu wa Sunni, madhehebu ya Hanafi. Wapo pia Wakristo wa Orthodoksi wanaoitwa Wakryashen, na wapo wasio na dini, miaka 70 ya Kisovieti haikupita bure.

Uislamu uliingia rasmi 922, na hiki kisa nakipenda kupita vyote. Mfalme wa Wabulgari aliomba khalifa wa Baghdad amtumie watu wa kufundisha dini na kumsaidia kujenga ngome, basi ukatumwa ujumbe, na ndani yake alikuwemo Ibn Fadlan aliyeandika kila alichokiona. Anasimulia kwamba jioni moja aliingia hemani kwake na mshonaji wa mfalme, wakawa wanapiga stori huku wanasubiri adhana ya isha. Adhana ikasikika, wakatoka nje, kumbe alfajiri imeshaanza kupambazuka! Akamuuliza mwadhini, umeadhini ya nini? Akajibiwa, ya alfajiri, na isha tunaiswali pamoja na magharibi. Usiku wa kiangazi kule ni mfupi kiasi hicho. Mimi mtu wa pwani, niliyezoea jua kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, mwezi wa sita wa kwanza kule nilikuwa naangalia dirisha saa tatu usiku naona bado kweupe, nikawa namkumbuka Ibn Fadlan.

Baada ya 1552 walipata tabu. Misikiti ya Kazan ilibomolewa, Watatari wakafukuzwa watoke ndani ya ngome, na karne ya 18 kulikuwa na kampeni kubwa ya kuwabatiza ambayo misikiti mamia ilivunjwa. Malkia Catherine wa Pili ndo aliyelegeza, msikiti wa mawe wa kwanza baada ya miaka yote hiyo, unaoitwa leo Märcani, ulijengwa kwa idhini yake kati ya 1766 na 1770, na bado watu wanaswali mle. Na ule mkubwa wenye paa la buluu mnaouona kwenye picha ni Qol Şärif, ulifunguliwa 2005 ndani ya ngome ya Kazan, umepewa jina la imamu aliyekufa akiutetea mji 1552.

Ni kweli kiongozi wa Tatarstan anaitwa Rais?

Kweli kabisa, na neno ni hilo hilo letu. Moscow ilipitisha sheria kwamba viongozi wa majimbo wasiitwe tena "prezident", Tatarstan ikawa ya mwisho kukubali, na 2023 wakachagua cheo kipya: Räis. Mimi niliposikia kwenye redio nilicheka kwa furaha, nikawaambia wenzangu darasani sisi kwetu huyo wa ikulu tumemwita Rais toka zamani.

Ina maana Kitatari na Kiswahili vinafanana?

Kwa ukoo hapana. Kitatari ni cha Kituruki, tawi la Kipchaki, jirani yake wa karibu ni Kibashkiri. Lakini lugha zote mbili zilikaa karne nyingi karibu na Kiarabu na Kiajemi, wao kupitia madrasa na misafara, sisi kupitia bahari na biashara, kwa hiyo ukiingia sokoni Kazan unasikia maneno yanakuita. Kitabu ni kitap. Dunia ni dönya. Wakati ni waqıt, habari ni xäbär, daftari ni däftär, kalamu ni qäläm, sabuni ni sabın, hesabu ni xisap, siasa ni säyäsät. (Naandika Kitatari kwa herufi za Kilatini ili msome kirahisi. Hiyo x ni kh, c isome kama j laini, ç ni ch, ş ni sh.)

Kuna siri moja ambayo ukiijua unafungua maneno mengi kwa mpigo. Ile herufi ya Kiarabu 'ayn', sisi tumeitupa, wao wameigeuza kuwa gh, wanaiandika ğ. Kwa hiyo mwalimu kwao ni möğallim, elimu ni ğilem, umri ni ğomer. Askari wetu kwao ni ğäskär, ila kwao maana yake ni jeshi lote. Abdallah ni Ğabdulla, Omari ni Ğomär. Nilikuwa na mwenzangu darasani anaitwa Ğäli, ilinichukua wiki mbili kugundua kumbe jamaa ni Ali tu.

Hata siku za wiki. Sisi tunahesabu kuanzia Ijumaa ipite: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Wao wamechukua mtindo wa Kiajemi wanahesabu kuanzia Jumamosi ipite: yäkşämbe ni ya kwanza ndo Jumapili yetu, düşämbe ya pili ndo Jumatatu. Ijumaa ni comğa. Nilikosea miadi mara nyingi sana mwaka wa kwanza kwa sababu ya hizo namba kutolingana.

Sarufi yake ngumu?

Kwa Mswahili sio ngumu kama wanavyosema Warusi. Sisi tunabandika viambishi mbele ya neno, wao wanabandika nyuma, ila akili ni ile ile ya kujenga neno refu kwa vipande vidogo. Kitap, kitabu. Kitaplar, vitabu. Kitaplarıbız, vitabu vyetu. Kitaplarıbızda, ndani ya vitabu vyetu. Hakuna ngeli za kike na kiume, neno "ul" ni yeye, awe mama awe baba, kama kwetu. Wanangu waliosoma Kirusi watajua raha ya hilo.

Kitu kipya kwako ni irabu kupatana. Wana irabu tisa, nyingine za nyuma ya mdomo nyingine za mbele, na neno la asili yao likianza na kundi moja linaendelea nalo mpaka mwisho. Kwa hiyo kitap inachukua -lar lakini öy, nyumba, inachukua -lär: öylär, öylärebez, öylärebezdä. Mwanzo unahesabu kichwani, baadaye sikio lenyewe linakataa ukikosea. Na ile sauti inayowatesa wageni wengine, ñ, ni ng' yetu ya ng'ombe, hiyo tumezaliwa nayo.

Wanaandika kwa herufi gani?

Hapa ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu kwangu ndo moyo wa habari yote.

Kwa karne nyingi waliandika kwa herufi za Kiarabu. Kazan ilikuwa mji wa vitabu hasa, Qur'ani ilikuwa inachapwa pale tangu 1803, na mpaka mwanzo wa karne ya 20 magazeti na mashairi ya Kitatari yalitoka kwa hati hiyo. Alafu 1927 serikali ya Kisovieti ikaleta Kilatini, wakakiita Yañalif, yaani alfabeti mpya. Watu wakajifunza upya. Miaka 12 tu, 1939, ikaletwa Kisirili, ile ya Kirusi iliyoongezwa herufi sita: ә, ө, ү, җ, ң, һ. Watu wakajifunza upya tena. Yaani mtu aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1940 ameshasoma lugha yake mwenyewe kwa hati tatu, na kila hati ilipoondoka iliondoka na maktaba nzima.

Rafiki yangu mmoja alinipeleka kwa bibi yake kijijini, upande wa Arsk. Bibi wanamwita äbi, na mimi nilimwita hivyo hivyo. Akatoa kopo la biskuti la bati, ndani kuna karatasi. Barua za babu yake kwa herufi za Kiarabu. Daftari la shule la mama yake kwa Kilatini. Na za kwake mwenyewe kwa Kisirili. Watu watatu wa nyumba moja, lugha moja, na yeye za babu hawezi kuzisoma. Alinipa mimi moja kwa sababu alisikia nimesoma chuo cha Qur'ani Zanzibar utotoni. Nikasoma herufi, polepole kwa kidole, sikuelewa maneno yote, lakini nilipoyatamka yeye aliyaelewa. Ilikuwa tu salamu ndefu, kuulizia afya ya huyu na yule, na ng'ombe. Tulikaa mpaka giza likaingia, mimi nikisoma sauti bila maana na yeye akinirudishia maana.

Nilifikiria sana kwetu. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu pwani karne nyingi, tenzi na barua na mikataba, na leo ni wangapi Lamu au Unguja wanaoweza kusoma karatasi za babu zao? Tofauti ni kwamba wao walibadilishiwa mara mbili ndani ya miaka 12.

Kuna mshairi wao Musa Cälil, alitekwa na Wajerumani vitani 1942, akawekwa gereza la Moabit Berlin, akauawa tarehe 25 Agosti 1944. Mashairi aliyoandika gerezani yalitolewa na wafungwa wenzake kwenye vijidaftari viwili vidogo vya kutosha kiganjani. Kimoja ameandika kwa herufi za Kiarabu, kingine kwa Kilatini. Na nyumbani yalipochapwa yakachapwa kwa Kisirili.

1999 Tatarstan ilipitisha sheria ya kurudi Kilatini. Urusi 2002 ikatunga sheria kwamba lugha rasmi za jamhuri zote ziandikwe kwa Kisirili, Mahakama ya Katiba ikaibariki 2004, ikaishia hapo. Kwenye simu vijana wengi wanaandika Kisirili, walioko Finland na Uturuki wanaandika Kilatini.

Lugha inakufa?

Haijafa, na sipendi watu wanavyoizungumzia kama marehemu. Ila inaumwa. 2010 waliosema wanaijua walikuwa zaidi ya milioni 4, 2021 wakawa milioni 3 na kitu. Mpaka 2017 kila mtoto wa shule Tatarstan, Mtatari na Mrusi, alisoma Kitatari kama somo la lazima. Mwaka huo ikabadilishwa ikawa hiari, mzazi asaini karatasi, na isizidi saa mbili kwa wiki. Kiukweli saa mbili hazimfundishi mtoto lugha, na mzazi anayefikiria mitihani ya chuo kikuu, ambayo ni kwa Kirusi, nani atamlaumu? Nimeona nyumba za mjini ambapo äbi anaongea Kitatari, mtoto wake anajibu mchanganyiko, mjukuu anajibu Kirusi, na wote wako meza moja wanakula.

Upande wa pili metro ya Kazan inatangaza vituo kwa Kitatari pia, kuna redio, tamthilia, muziki wa vijana, Wikipedia yao. Na Google walipoongeza Kitatari kwenye programu yao ya kutafsiri, Februari 2020, waliongeza siku hiyo hiyo na Kinyarwanda, majirani zetu.

Kila kitu Kazan kinaitwa Tukay. Ni nani?

Ğabdulla Tuqay, mshairi wao mkuu, hata uwanja wa ndege una jina lake. Alizaliwa 1886 kijiji cha Quşlawıç, baba akafa yeye mchanga, mama akafa yeye bado mdogo, akawa anapitishwa nyumba hadi nyumba. Mwenyewe ameandika kwamba alipelekwa Kazan sokoni na mwenye gari la farasi akapaza sauti katikati ya watu, nani anamtaka huyu yatima? Mtoto huyo ndo aliyekuja kuandika shairi kuhusu lugha ya mama ambalo Mtatari popote alipo analiimba kama wimbo wa taifa. Alikufa kwa kifua kikuu 1913, ana miaka 26. Siku yake ya kuzaliwa, 26 Aprili, ndo siku ya lugha yao, watu wanakusanyika kwenye sanamu yake wanasoma mashairi, yeyote anapanda, hata mtoto wa chekechea.

Wanakula nini?

Öçpoçmaq kwanza! Öç ni tatu, poçmaq ni kona. Ukiiona utasema sambusa, ila haikaangwi, inaokwa, na nyama haisagwi wala haipikwi kabla, inakatwa vipande vidogo ikiwa mbichi pamoja na viazi na vitunguu na pilipili manga. Kona tatu zinafinywa zikutane juu lakini katikati linaachwa tundu, na ikiwa katikati ya kuiva unaitoa kwenye oveni unamimina kijiko cha mchuzi wa nyama kwenye lile tundu, unairudisha. Äbi alinipa kijiko nikamimina mimi, nikajaza kupita kiasi, ikapasuka ubavuni. Alinifundisha ya pili akinishika mkono.

Alafu çäk-çäk, vipande vya unga wa mayai vilivyokaangwa na kushikanishwa na asali, hiyo ndo ya harusi na ya kupokea wageni. Soseji ya nyama ya farasi ipo na inaliwa kwa heshima. Chai, yaani çäy, ni ya maziwa, hapo Mtanzania na Mkenya wote mko nyumbani.

Sabantuy ni nini?

Saban ni jembe la kukokotwa, tuy ni sherehe. Ni sikukuu ya baada ya kupanda, siku hizi inafanyika Juni. Mbio za farasi, kupanda mlingoti laini, na mieleka iitwayo köräş, mnashikana kwa taulo kiunoni. Mshindi, batır, anapewa kondoo dume, anambeba mabegani mbele ya watu wote.

Nikikutana na Mtatari nimwambie nini?

Sema "İsänmesez". İsän ni mzima, -me ni ya kuuliza, -sez ni ninyi ya heshima, kwa hiyo umesema "mu wazima?" neno kwa neno kama tunavyosalimiana huku. Rika lako msalimie tu "sälam". Asubuhi ni "xäyerle irtä", na hiyo xäyer ndo heri yetu. Asante ni "räxmät", ni ile rehema. Mwanaume aliyekuzidi umri mwite abıy, mwanamke apa, usimwite mkubwa jina tupu, wanaona kama tunavyoona sisi. Akikuuliza "Xällär niçek?", hali zikoje, jibu "äybät", nzuri. Na ukiingia ndani vua viatu mlangoni, alafu kama kuna mzee, ngoja yeye aketi kwanza.